Njia Ikigeuka Ghafla: Namna ya Kumfuata Mungu Hatua Moja Moja

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye maisha yamemgeukia akiwa hana habari. Umeachishwa kazi. Mwenye nyumba anataka nyumba yake mwisho wa mwezi. Daktari amesoma karatasi na kukutajia ugonjwa usioutarajia. Mume amefariki, au yu hai lakini amehamia kwa mwingine. Ulikuwa unasali kabla ya haya na bado unasali, ila sasa kuna swali linalokukosesha usingizi: Mungu ananiongoza bado? Na kama ananiongoza, nitajuaje kuwa ni yeye?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malaba, upande wa Uganda, na ni muumini wa Kanisa la Uganda. Nyumbani kwetu njia imegeuka zaidi ya mara moja, na kila mara kwa jambo lililoamuliwa mbali na sisi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, alirudi Tororo na sanduku la bati, mke, watoto, na Kiswahili cha karakana ambacho ndicho tulichokua tukikisema nyumbani. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa ajenti wa kutoa mizigo forodhani. Mwaka 2014 nchi zetu zikaanza mfumo wa forodha ya pamoja, mizigo ya Uganda ikawa inalipiwa ushuru ikiwa bado bandarini Mombasa, na ofisi ndogo ndogo za maajenti hapa mpakani zikakosa kazi. Kisha ikafika zamu yangu. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Sisi wa shule za binafsi mishahara ilikatika mapema sana. Shule niliyokuwa nikifundisha haikufunguliwa tena. Madarasa yake leo ni vyumba vya kulala wageni.

Katika hayo yote nimeshika jambo moja, na yote nitakayokuambia yamesimama juu yake: Mungu humwonyesha mtu hatua ya leo, na ya kesho huionyesha kesho. Zaburi 119:105 inasema, "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Taa ya nyakati zile ilikuwa kibakuli cha udongo chenye mafuta na utambi. Ukiishika usiku inakuonyesha pale unapokanyaga na kidogo mbele yake. Anayetaka kuiona barabara mpaka mwisho kabla hajainua mguu atabaki palepale, na atasema Mungu amenyamaza, kumbe taa inawaka.

Kwanza lia, kisha kula, kisha lala

Waumini wengi wa kwetu huruka hapa. Mtu amefiwa asubuhi, jioni anawaambia wageni "Bwana asifiwe, ni mapenzi ya Mungu," huku mikono inamtetemeka. Biblia yenyewe haimharakishi mtu hivyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushangilia mwishoni, na bado ni wimbo wa ibada, umo katika Biblia pamoja na zile nyimbo za furaha.

Basi tafuta mahali pasipo na watu, hata iwe shambani au bafuni, useme kwa sauti kile kilichotokea. Kitaje kwa jina lake na kwa hesabu yake. Usiseme "Bwana, napitia changamoto." Sema: "Bwana, mshahara umekatika. Karo ya mtoto wa sekondari haipo. Namwonea mzee wangu hasira na hana kosa. Naogopa." Ukilia, lia. Ukikosa maneno, soma hiyo Zaburi ya 13 polepole, ni mistari sita tu, maneno yake yawe yako.

Kisha kula. Elia alipomkimbia Yezebeli, katika 1 Wafalme 19, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika akamjia, wala hakumletea utume mpya wala maelezo. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Elia akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Maagizo ya kazi yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu. Mimi siafiki mtu aliyekwisha kukosa hamu ya chakula kwa huzuni aambiwe afunge siku saba ili asikie sauti ya Mungu. Mpikieni uji wa wimbi kwanza, tena alale.

Na katika siku hizo za mwanzo usiuze kitu. Si shamba, si ng'ombe, si cherehani, si pikipiki. Usihame mji, usijibu posa, usitie saini karatasi. Nitarudi kwenye karatasi hapo chini.

Shika kazi unayoijua tayari

Yeremia 29:11 mnaujua. Uko kwenye kalenda, kwenye saa za ukutani, kwenye vioo vya nyuma vya teksi za kwenda Tororo na Mbale: mawazo ya Mungu kwetu ni "mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni neno la kweli na limenibeba. Lakini isome sura yote. Ni barua iliyotumwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli, watu waliotaka kusikia kwamba wanarudi nyumbani upesi. Palikuwa na nabii aitwaye Hanania aliyewaahidi miaka miwili. Yeremia akaandika kwamba itakuwa miaka sabini, na kabla ya kuutaja muda huo, mstari wa 5 mpaka wa 7, akawapa maagizo: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni amani mji mliopelekwa. Huo ndio uongozi waliopewa, jembe na matofali.

Shule zilipofungwa, mvua za Machi zilikuwa zimeanza kwetu. Tulikuwa na kipande cha shamba alichotuachia baba na mbegu za karanga kwenye gunia. Sikujua kama Mungu anataka niache ualimu. Nilichojua ni kwamba mvua ile ni ya kupanda, na ikipita imepita. Tukapanda. Nikiwa na jembe mkononi akili yangu ilitulia kuliko nilipokuwa nimekaa kitandani nikiuliza "kwa nini".

Chukua karatasi uorodheshe mambo ambayo Mungu amekwisha kuyasema, ambayo hayahitaji ndoto wala unabii. Kuwalisha walio nyumbani. Kutosema uongo, hata kwa mwenye duka anayekudai. Kumpigia unayedaiwa naye kabla hajakupigia, umwambie ukweli wa hali yako na tarehe unayoweza kulipa kidogo. Kwenda ibadani. Kumtazama mgonjwa. Kusamehe, au angalau kuanza safari ya kusamehe. Hayo yanatosha kuijaza siku nzima, na mtu anayeyatenda yuko ndani ya mapenzi ya Mungu hata kama hajui mwezi ujao atakuwa wapi.

Andika kwenye daftari

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo waumini wenzangu wengi wameniambia wamesaidika.

Nunua daftari la shule la mistari. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika tarehe na kile unachokiomba, kwa maneno machache ambayo baadaye mtu anaweza kuyapima. "Baraka" haipimiki. "Kibarua cha mzee" kinapimika. Kulia uache wazi. Kila Jumamosi usiku, watoto wakiwa wamekula, rudi ujaze ule upande wa kulia kwa ukweli: limejibiwa, bado, limejibiwa kwa njia nyingine, au silioni. Usiandike "limejibiwa" ili kumpendeza Mungu. Yeye hahitaji umtetee.

Ukurasa mmoja wangu wa mwaka 2020 unasomeka hivi. Kushoto: "Sabuni na chumvi. Mzee apate kibarua. Hasira yangu kwa mwenye shule. Karo." Kulia: "Sabuni: mama wa nyumba ya pili ameleta mche mzima kwa sababu namfundisha mwanawe kusoma. Chumvi: tumenunua. Kibarua: bado. Hasira: bado, ila leo nimekutana naye sokoni nikamsalimia vizuri. Karo: shule zimefungwa, hakuna anayedai."

Ukiutazama ukurasa mmoja huoni kitu. Ukizitazama kurasa nyingi kwa pamoja unaanza kuona. Upande wa kulia wa daftari langu ulikuwa unarudia jambo lilelile: unga uliletwa na mzazi ambaye mtoto wake nilimkalisha chini tukasoma, sabuni hivyohivyo, mihogo hivyohivyo. Mimi nilikuwa nikiomba shule ifunguliwe, na huku mkate wetu unapitia kwa mtoto mmojammoja asiyejua kusoma, uani kwetu. Sikusikia sauti yoyote usiku. Nilisoma daftari. Nikaanza kuomba tofauti: "Bwana, nionyeshe watoto wengine kama hawa."

Kuna sababu ya kuandika badala ya kutegemea kumbukumbu. Mtu mwenye huzuni hukumbuka milango iliyofungwa, akaisahau ile iliyofunguliwa kidogo. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaamuru watwae mawe kumi na mawili wayasimamishe Gilgali, kwa sababu alijua watu husahau, na watoto wao wangeuliza.

Jaribu mlango mdogo kwanza

Soma Matendo ya Mitume 16, mstari wa 6 mpaka wa 15, taratibu. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri katika jimbo la Asia, Roho Mtakatifu anawakataza. Wanajaribu kwenda Bithinia, wanazuiwa tena. Hawaelezwi sababu. Wanateremka mpaka Troa, na hapo ndipo Paulo anapata maono ya mtu wa Makedonia akisema, vuka utusaidie. Wanavuka. Na huko Filipi hawapokelewi na umati wowote. Siku ya Sabato wanatoka nje ya mji, kando ya mto, wanakuta wanawake wamekusanyika kusali, wanaketi na kuzungumza nao. Mmoja ni Lidia, muuza rangi ya zambarau, na ndiye wa kwanza kubatizwa pale.

Nataka uone mambo mawili. La kwanza, Paulo alikuwa anatembea. Kukatazwa kulimkuta njiani, akijaribu hiki na kile, na kila alipozuiwa aligeukia upande mwingine bila kukaa chini kulaumu. La pili, Lidia alikuwa mwenyeji wa Thiatira, na Thiatira iko katika jimbo lile lile la Asia alilokatazwa. Miaka kadhaa baadaye, sura ya 19, Paulo akakaa Efeso miaka miwili mpaka wote waliokaa Asia wakalisikia neno. Mlango uliofungwa ulikuja kufunguliwa kwa wakati wake. Wewe unapozuiwa leo, hujui kama ni "hapana" ya daima au ni "bado". Kwa hiyo usiufunge ule mlango kwa matusi unapoondoka.

Kwa kazi ya kila siku ina maana hii: ukidhani Mungu anakuelekeza mahali, ingia kwa kiasi ambacho ukikosea hakitakuangusha. Mzee wangu alipokosa kazi forodhani, ndugu walimshauri auze kiwanja ahamie Mombasa kwa kuwa ndiko mizigo inakotolewa. Alikwenda kwanza kwa basi, akalala kwa mtu anayemfahamu, akauliza kodi ya nyumba, leseni, na nani anaajiri. Akarudi akiwa na jibu. Kiwanja kipo. Akaanza na meza kando ya barabara ya malori, anauza mikanda ya feni na balbu za taa za nyuma kwa madereva wale wale aliokuwa akiwatolea mizigo. Walimjua na walimwamini. Meza ikawa kibanda.

Upande wangu mlango ulifunguka mahali nisipopaangalia. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu mkuu mmoja akasikia kwamba kuna mama anayefundisha watoto uani na anazungumza Kiswahili cha kukulia nacho, akaniita nianze kwa vipindi vichache. Kile Kiswahili baba alichorudi nacho 1977, alipodhani amerudi mikono mitupu, ndicho kinachotulisha sasa. Sikuwahi kuliomba hilo, maana sikujua lipo.

Nisikudanganye, si wote waliishia hivi. Mwalimu mwenzangu tuliyekuwa naye darasa la jirani hakurudi tena kufundisha. Anachoma matofali mpaka leo, na ni kazi ngumu kwa mwili wake. Yeye ndiye anayeongoza maombi ya Jumatano kanisani kwetu, na mimi nikiwa na jambo zito namwendea yeye. Usipime uongozi wa Mungu kwa cheo alichofikia mtu.

Watu watatu wa kuwauliza

Usiulize kila mtu. Habari ikifika kisimani kila mwenye ndoo atakuwa na unabii wake. Chagua watatu tu: anayeyajua Maandiko na hakuogopi, anayelijua jambo lenyewe, na yule ambaye uamuzi wako utamgusa mwilini, yaani mke, mume au mtoto mkubwa. Wa tatu ndiye tunayemsahau. Nimeona mababa wakitangaza madhabahuni kwamba Mungu amewaita kwingine, na mke anasikia hapo hapo pamoja na sisi wote. Mungu aliyesema na baba anaweza kusema na mama pia. Ngojeni mpaka mkae sawa.

Pima kila sauti, hasa inayotaja pesa

Mtu aliyegeukiwa na maisha ananukia kwa wafanya biashara wa dini, nao watakuja. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wakasifiwa kwa hilo. Kama Paulo alichunguzwa, nabii wa redioni atachunguzwa.

Anayetaja kiasi kabla ya kukuombea, ondoka. Yesu alisema, "mmepata bure, toeni bure." Anayekuharakisha, kwamba mbegu ipandwe usiku huu la sivyo baraka imepita, ondoka. Anayekutaka usimwambie mumeo wala mchungaji wako, ondoka mbio. Na anayekuambia uache dawa za presha, za sukari, au ARV kwa sababu umeponywa, huyo usibishane naye hata kidogo, rudi kliniki tarehe yako ya kadi. Mungu akikuponya, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayekuachisha dawa.

Vivyo hivyo na mlango wa Uarabuni. Wasichana wetu wengi wanakwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na mara nyingi huja kanisani kushukuru kwamba Mungu amefungua njia. Binti yangu, kabla ya kushukuru, fanya haya. Hakikisha kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo ndiyo inayotoa leseni hizo. Uliza wizarani au uangalie orodha yao, usitosheke na cheti kilichobandikwa ukutani. Soma mkataba na mtu anayeielewa lugha yake. Acha nakala ya mkataba na ya pasipoti nyumbani. Asiyekubali uulize hayo, basi mlango wake si wa Mungu, hata kama tiketi imelipiwa.

Na sasa zile karatasi. Mama uliyefiwa, ndugu za marehemu wakija na karatasi siku za matanga, hata kama wanalia pamoja nawe, usitie saini. Waambie kwa heshima, "Shemeji, nitaisoma baada ya siku zangu za kulia." Chukua cheti cha kifo. Sheria ya mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022 na inamlinda mjane na watoto katika nyumba waliyokuwa wakikaa. Mwone mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, akuandikie barua, kisha uende ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya Serikali uelekezwe namna ya kuomba mahakamani usimamizi wa mali. Nimesikia mjane akiambiwa kwamba kwenda mahakamani ni kukosa imani. Mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi tena na tena mpaka akapewa haki yake, na Yesu alimtumia yeye kutufundisha kusali bila kukata tamaa.

Mabadiliko yakiletwa na ubaya wa mtu

Hapa ni pagumu zaidi. Ajali na ugonjwa vinauma, lakini kudhulumiwa kunauma na kuziba masikio pia. Mtu mwenye kinyongo kila mlango ataupima kwa swali la "hii itamuumiza aliyeniumiza?"

Waganda tuna mashahidi wa jambo hili. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa, na wengi huenda Mucwini, Kitgum, alikozaliwa na kuzikwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kuwa mwalimu huko Dodoma, alitafutwa siku zile zile. Yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Huko uhamishoni alifundisha wazi kwamba amemsamehe Amin, kwa sababu Kristo aliwasamehe waliomsulubisha. Amin alipoondolewa mwaka 1979, Kivengere alirudi akaendelea kuchunga mpaka alipofariki mwaka 1988.

Ona kwamba alikimbia. Kusamehe hakukumtaka abaki auawe. Kama unapigwa nyumbani, toka na watoto, nenda kwa wazazi au polisi, usamehe ukiwa mahali salama. Na kusamehe si siku moja. Mimi kwenye daftari niliandika "hasira: bado" kurasa nyingi. Niliomba sala fupi kila nilipopita mbele ya yale majengo: "Bwana, mpe mwenye shule hii chakula cha leo na usingizi wa leo." Nilianza nikiisema kwa meno yaliyokazwa. Alikuwa na mkopo wa benki kwa ajili ya madarasa yale, nilikuja kujua baadaye, na benki haikumngoja.

Kimya kikiendelea

Kuna wakati utafanya haya yote na upande wa kulia wa daftari ubaki mweupe. Yusufu alimwomba mkuu wa wanyweshaji amkumbuke kwa Farao, na yule akamsahau. Mwanzo 41 inaanza kwa kusema ilipita miaka miwili mizima. Maandiko hayatuambii Yusufu aliambiwa nini katika miaka hiyo. Yanatuambia tu alikuwa gerezani, na kwamba kazi ya gereza ilikuwa mikononi mwake naye akaifanya. Wakati kama huo punguza sala zako, usiziache. Baba Yetu asubuhi, zaburi moja usiku. Imba na kanisa hata kama sauti haitoki, wacha wengine waimbe kwa ajili yako. Mwambie mtu mmoja ukweli kwamba husikii kitu. Na kama huli, hulali, na unafikiria kujidhuru, nenda hospitali leo, mwambie muuguzi hivyo hivyo bila kuficha. Hilo nalo ni kumtii Mungu.

Ukiwa wewe ndiye jirani

Wengine mnasoma haya mambo yenu yakiwa salama, lakini kuna nyumba mtaani kwenu ambayo imegeukiwa. Mstari wa Biblia uende wa mwisho. Beba unga, au sukari, au kuni. Usiulize "nikusaidie nini?", maana mtu aliyechoka hana jibu. Sema "nimekuja kufua" na ufue, au "watoto watakula kwangu leo." Usimweleze kwa nini Mungu ameruhusu. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno, na waliharibu walipofungua midomo kueleza. Kabla hujaaga, panga naye siku utakayorudi, na siku hiyo urudi. Mwezi wa kwanza watu huwa wengi. Mwezi wa tatu ndio wa kwenda.